Wazee Gani? Maneno juu ya kitabu cha Padri Tempels

Mwaka uliopita frateri mmoja wa filosofia alikuja kwangu na daftari yake. Alikuwa anaandika kazi juu ya mazishi ya kwetu, akataka nimsahihishie. Ukurasa wa pili alikuwa ameandika kwamba, kadiri ya mafundisho ya wazee wetu, marehemu ni mtu aliyepungukiwa nguvu, na kwamba kila kitu duniani, hata jiwe, kina nguvu yake kwa kipimo chake. Nikamwuliza: «Wazee gani?» Akajibu bila kusita: «Imeandikwa, Padri. Iko katika biblioteka.» Tukaenda pamoja. Akafungua kabati, akatoa memwari yenye jalada la kijani lililofifia. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa langu.

Nilicheka, lakini kicheko hakikutoka moyoni. Maana mimi nilijua neno lile nilikolitoa. Sikulitoa kwa wazee. Nililitoa katika kitabu cha Padri Placide Tempels, kisha nikawapelekea wazee walikubali. Kwa hiyo nimeona ni vema kuandika maneno machache juu ya kitabu kile, kwa ajili ya mafrateri wanaokisoma leo na kwa ajili ya makatekista wanaosikia maneno yake katika mahubiri pasipo kujua yametoka wapi.

Padri Tempels alikuwa Mflama, Mfransisko, aliyezaliwa mwaka 1906. Alifika Congo mwaka 1933, akafanya kazi Katanga kati ya Baluba wa upande wa Kamina. Wakati wa vita ya pili ya dunia aliandika kwa Kiflama mawazo yake juu ya namna watu wale wanavyofikiri. Bwana Rubbens, avoka wa Elisabethville, akayageuza kwa Kifaransa, na kitabu kikatoka kule kule Elisabethville mwaka 1945: «La philosophie bantoue». Kitabu kwa Kiflama kilitoka Antwerpen mwaka 1946. Mwaka 1949 Présence Africaine wakakipiga chapa tena Paris, na Alioune Diop, mtu wa Senegal, akakiandikia dibaji ya heshima kubwa. Si kitabu kinene. Kina sura saba, na mtu mwenye bidii anaweza kukimaliza kwa siku mbili.

Kinasema nini? Kwa ufupi ni hivi. Mzungu akifikiri juu ya kitu, anafikiri kwanza kwamba kitu kile kipo. Nguvu ni jambo linaloongezwa juu yake, linaweza kuwapo au kukosekana. Muntu hatenganishi: kuwapo ni kuwa na nguvu, na nguvu ndiyo kuwapo kwenyewe. Nguvu hizo zimepangwa kwa ngazi: Mungu juu ya yote, kisha mababu wa kwanza waliozaa ukoo, kisha marehemu wengine, kisha walio hai kadiri ya uzazi wao, chini yao wanyama na miti na mawe. Nguvu moja inaweza kuongeza nyingine au kuipunguza. Ndiyo sababu ya dawa, ya baraka ya baba, ya hofu ya mlozi. Yote yanayoonekana kwa mgeni kama upuzi uliotapanyika yanashikamana, ukishika uzi huo mmoja.

Nataka tumpe mtu haki yake mbele ya kumkosoa. Mwaka 1945 kulikuwa na Wazungu wengi, hata ndani ya Kanisa, waliosema kwamba mtu mweusi anaogopa na kuiga tu, hafikiri. Padri Tempels aliwaambia: mnayemfundisha ana mawazo yaliyopangwa, msipoyajua, mafundisho yenu yanapita juu ya kichwa chake kama maji juu ya mgongo wa bata. Neno hilo lilimpatia taabu. Monsenyeri de Hemptinne, mkubwa wa Kanisa katika Katanga, alikipinga kitabu. Padri alirudi Ulaya mwaka 1946 akakaa huko hata mwaka 1949. Kijana wa leo anayemcheka Tempels kwa sababu amesoma ukurasa mmoja wa Hountondji ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe angethubutu kuandika vile, mwaka ule, mbele ya wakubwa wale.

Watu wengine wamekwisha kumkosoa, na kwa nguvu. Aimé Césaire, katika maandiko yake juu ya ukoloni, alionyesha jambo moja linaloumiza: katika ngazi ile ya nguvu Padri Tempels anapata nafasi hata kwa Mzungu, tena nafasi ya juu, kama kaka mkubwa mwenye nguvu kuliko weusi wote. Hivyo mkoloni anakuta kiti chake kimekwisha kutayarishwa ndani ya roho ya mtu anayemtawala. Eboussi Boulaga wa Kameruni, mwaka 1968, alikifuata kitabu neno kwa neno akaonyesha mahali kinapojipinga. Paulin Hountondji wa Benin, katika miaka ya 1970, aliuliza kama mawazo ya ukoo mzima, yasiyo na mwenyewe anayeyatetea, yanaweza kuitwa filosofia. Hayo yote yamefundishwa katika masomo yetu, sitayarudia. Mimi nina swali jingine, swali la mtu wa parokia zaidi kuliko la mwalimu.

Nani aliulizwa?

Kisomeni tena kitabu mkiwa na swali hilo tu. Muntu anasema hivi. Bantu wanaona hivi. Kwa Bantu jambo hili ni vile. Lakini Muntu huyu ni nani? Ana mke? Anakaa kijiji gani? Ni mganga, ni chifu, ni mkatekumeni anayetaka kumpendeza Padri? Ni mwanamume siku zote, au mara nyingine ni mama aliyezaa watoto tisa akazika wanne? Aliulizwa kwa lugha gani, siku gani, mbele ya nani? Kitabu hakisemi. Baluba wa Kamina wanaingia kwa mlango mmoja, na kwa mlango mwingine wanatoka Bantu wote, toka Kameruni hata Afrika ya Kusini. Mwandishi mwenyewe anaona kwamba mambo yake yanatakiwa kuchunguzwa kwingine, na hilo ni jema kwake. Lakini atachunguza nani, na kwa kupimia nini, kama shahidi wa kwanza hana jina?

Tena kuna pahali ambapo kila msomaji mweusi anapaswa kusimama. Padri anaeleza kwamba Bantu wenyewe hawawezi kutuletea filosofia yao imepangwa sura kwa sura. Ni kazi yetu sisi, anasema kwa Wazungu wenzake, kuipanga na kuwaonyesha. Nao watatambua na kukubali kwamba tumewafahamu. Angalieni vizuri maana ya jambo hilo. Mwenye mawazo hapewi kazi ya kusema. Anapewa kazi ya kuitika.

Na sisi tunajua kuitika! Mtu yeyote aliyelelewa kijijini anajua: mgeni akija na kofia, na daftari, na soda ya kutolea zawadi, akauliza «Ni hivi, sivyo?», mzee atasema ndiyo. Si uongo. Ni adabu. Kumpinga mgeni katika uwanja wako ni kama kumnyima kiti.

Nipeleke macho yenu kidogo upande wa waganga wa hospitali, maana wao wamejifunza adabu ya uchunguzi kwa njia ngumu, na wamejifunza karibu nasi. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini, toka Novemba 2018, Profesa Muyembe na wenzake walipima dawa nne kwa wagonjwa 681, katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa au jamaa zao waliombwa ruhusa. Kura ndiyo iliyochagua nani apate dawa gani, ili mganga asimpe mtu aliyempenda dawa aliyoiamini. Mwezi wa Agosti 2019 walipoona dawa mbili zinashinda, wakasimamisha zile nyingine mbili. Kwa waliopewa ZMapp walikufa karibu 50 kwa 100. Kwa waliopewa ile iliyotoka katika damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995, walikufa 35 kwa 100. Mtu wa India au wa Brazil anaweza kuichukua hesabu hiyo akaipima tena, na kama kuna kosa, atalikuta.

Mtaniambia: mawazo ya wazee si homa, hayapimwi kwa kura. Kweli kabisa. Sitaki mtu aende kijijini na kura. Nasema tu kwamba uchunguzi wowote, wa dawa au wa methali, lazima uache mlango wazi wa kuingilia yule atakayesema «umekosea». Katika kitabu cha Padri Tempels mlango huo umefungwa. Ukimkuta Muluba anayesema kwamba hafikiri vile, jibu limekwisha kutayarishwa: huyo ameharibika kwa shule, si Muntu wa kweli tena. Kitabu kinawahukumu maevolue kwa ukali kuliko kinavyomhukumu mkoloni. Mimi, mwana wa mwalimu wa shule ya misioni, nikisoma kurasa zile najiona nimetolewa nje ya nyumba ya babu yangu na mtu aliyefika jana.

Sasa neno «nguvu» lenyewe. Limepita njia ndefu. Mzee alisema jambo kwa Kiluba. Padri akalifahamu kwa Kiflama, Rubbens akaliandika kwa Kifaransa «force vitale», na sisi katika mahubiri yetu ya Kiswahili tukaligeuza kuwa «nguvu», au «nguvu ya uzima». Kila mara mzigo ulifunguliwa ukafungwa upya. Lakini katika Kiluba kuna «bukomo» na kuna «bumi». Bukomo ni nguvu, ile ya mkono, ya chifu, ya mtu asiyeshindika. Bumi ni uzima, ule anaoombewa mtoto mchanga. Je, mzee alisema lipi? Kama alisema bumi, basi hakufundisha kwamba kuwapo ni nguvu. Alisema kwamba mtu anataka kuishi na kuwaona wajukuu wake, jambo ambalo hata mkulima wa kwao Padri Tempels angelisema kwa Kiflama bila kuitwa mwanafilosofia. Kama alisema bukomo, tunapaswa kujua alikuwa anasema juu ya nani. Neno moja la Kiluba, limeandikwa jinsi lilivyotoka kinywani pamoja na jina la aliyelisema, lingetufaa kuliko sura nzima.

Tazameni alivyofanya Padri Alexis Kagame wa Rwanda. Alitetea kazi yake Roma mwaka 1955, ikapigwa chapa Bruxelles mwaka 1956. Alimheshimu Tempels, lakini hakumfuata. Kwanza alijipa mpaka: si Bantu wote, ni Rwanda. Pili, hakusema tu «wanafikiri hivi», alichukua lugha, akaonyesha kwamba maneno yanaingia katika mafungu manne yenye mzizi mmoja: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, pahali na wakati, ukuntu, namna. Yeyote anayejua Kinyarwanda anaweza kubishana naye leo jioni. Wengi wamebishana, wakasema kwamba alikuwa na Aristoteles mfukoni alipokwenda kuchuma maneno ya mama yake, nami nadhani hawakukosea sana. Lakini wanaweza kubishana! Yeye mwenyewe alingoja hata mwaka 1976 mbele ya kutoa kitabu cha kulinganisha lugha nyingi za Kibantu. Miaka ishirini, kwa ajili ya neno moja «bantu» kuongezwa upana. Nawaomba mafrateri wanaoandika «Mwafrika anaamini» katika mstari wa kwanza wa kazi yao waifikiri miaka hiyo.

Huenda mtadhani nataka kumweka Padri Tempels chini. Sivyo. Maana kuna kazi yake ya pili, ambayo mafrateri hawaisomi kwa kuwa si kitabu. Aliporudi toka Ulaya alikwenda kwa wafanyakazi wa machimbo, na toka mwaka 1953, katika kambi ya Ruwe karibu na Kolwezi, ikazaliwa Jamaa. Huko hakukuwa na Muntu. Kulikuwa na baba fulani na mama fulani, mume na mke, waliokuja jioni baada ya kazi. Padri mwenyewe ameeleza namna alivyogeuka: kwanza alikuwa bwana anayefundisha, kisha akaanza kuwauliza watu wewe ni nani, unatamani nini. Nao wakajibu kwa Kiswahili cha Katanga maneno ambayo Jamaa iliyashika: uzima, uzazi, mapendo.

Angalieni: uzima, si nguvu. Walipopewa nafasi ya kuchagua neno wenyewe, ndilo walilolichagua. Tena waliongeza mapendo, ambayo katika kitabu cha mwaka 1945 hayana kiti kikubwa. Kwa maoni yangu Jamaa ndiyo masahihisho ya «La philosophie bantoue», na walioandika masahihisho hayo ni wachimba shaba na wake zao. Baadaye Jamaa iliingia katika magomvi na wakubwa wa Kanisa, na kulikuwa na sababu. Si hapa pa kuzieleza. Padri aliondoka Congo mwaka 1962, akafa Ubelgiji mwaka 1977. Johannes Fabian, Mjerumani aliyeichungua Jamaa, alitoa kitabu chake mwaka 1971, na katika kitabu kile utakuta Kiswahili cha watu wenyewe, jinsi walivyokisema. Tempels wa Ruwe alijua kuuliza kuliko Tempels wa Kamina. Ni huzuni kwamba biblioteka zetu zinamshika yule wa kwanza.

Narudi kwa memwari ya kijani, kwa kuwa sina haki ya kumwuliza marehemu «nani alijibu?» nikijificha mwenyewe.

Niliiandika nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Likizo ya kiangazi nilikwenda kwa babu, na maswali yangu yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa Kifaransa, kwa kufuata sura za Tempels. Niliwauliza watu watatu: babu, ndugu yake mdogo, na nyanya. Siku mbili. Niliuliza kwa Kiswahili, maana Kiluba changu ni cha mtoto wa mjini. Babu alisema ndiyo, ndugu yake alisema ndiyo. Nyanya aliendelea kumenya mihogo. Nikaandika «wazee wetu wanafundisha». Nilipewa pointi nyingi, na mwalimu alisema nimefahamu vizuri roho ya kibantu.

Nyuma ya kupadrishwa, katika parokia yangu ya kwanza, katekista mmoja mwenye umri alinisikia nikihubiri mambo yale siku ya marehemu wote. Baada ya Misa alinivuta pembeni kwa upole. «Padri, samahani. Ulisema marehemu amepungukiwa nguvu. Kwetu, tukimwogopa marehemu, ni kwa sababu nguvu imepungua?» Sikuwa na jibu. Akaongeza: «Tunamwogopa sababu tulimkosea, naye sasa hatuwezi kumwomba radhi uso kwa uso.» Katika memwari yangu, kurasa sitini, neno «kukosea» halimo hata mara moja. Wala sikumwuliza mtu: unapolia mazishini, unalilia nini?

Yule frateri wa daftari nilimwambia hayo yote. Akakasirika kidogo, na haki yake, kwa kuwa zilibaki siku kumi na mbili tu mbele ya kutoa kazi. Aliniuliza afanye nini na ukurasa wa pili. Nikamwambia aandike: «Padri fulani alisema hivi, aliwauliza watu watatu kwa siku mbili, na mmoja hakujibu.» Alidhani nafanya mzaha. Baadaye aliandika hivyo kweli, na jina langu.

Babu amekwisha kufa, na ndugu yake vilevile. Mwezi wa Disemba nilikwenda kumwona nyanya. Safari hii sikuwa na maswali yaliyoandikwa; nilichukua katekista wa huko anayejua Kiluba sawasawa, tukakaa. Nilimwambia kwamba zamani nilikuja kuuliza juu ya marehemu, na yeye hakusema kitu. Alinitazama muda mrefu.

«Hukuniuliza,» akasema. «Uliwauliza wanaume, mimi nikawa hapo.»

Kisha akaanza kusema juu ya watoto wanne aliowazika, mmoja mmoja, kwa majina yao, na katekista akaandika. Jua lilipozama tulikuwa bado kwa yule wa pili.